Kampala ilimmeza mwanangu kwa dakika 20. Nimpeleke tena?

Shangazi, asalaam aleikum.

Mimi ni mama wa watoto watatu, tunakaa Oli hapa Arua. Kifungua mimba ni msichana wa miaka 8. Anayemfuata ni mvulana, juzi katimiza 5. Kitinda mimba ana mwaka mmoja na nusu na bado ananyonya. Baba yao ni fundi wa pikipiki. Shule zikifungwa Desemba anataka twende sote Kampala wiki moja, kwa mdogo wake anayekaa Kawempe. Watoto ameshawaambia, bila kuniuliza. Msichana anahesabu siku kwa chaki nyuma ya mlango wa jikoni.

Mimi sitaki, na nitakueleza kwa nini.

Desemba iliyopita tulikwenda. Tulipanda basi la usiku, tukafika Arua Park, kituo cha mabasi yetu katikati ya Kampala, saa kumi alfajiri na mizigo minne, watoto wamelala mabegani, baridi inachoma. Shemeji hakushika simu. Tukakaa juu ya magunia ya watu mpaka kukapambazuka. Badala ya kwenda nyumbani tukapumzike, baba watoto akasema maadamu tumeshafika mjini, tupite soko la Owino tununue viatu vya shule na nguo za arusi ya binamu yake, tumalize kazi siku hiyo hiyo. Ilikuwa wiki ya Krismasi. Shangazi unajua huko kulivyo wiki ile. Watu bega kwa bega, wenye mizigo kichwani wanakufokea upishe, na boda zinapenya humo humo.

Nilikuwa na mdogo mgongoni na mkubwa mkononi. Wa katikati alikuwa na baba yake, hivyo ndivyo nilivyojua mimi. Kumbe baba yake alimwachia mkono alipotoa pesa ya viatu, akadhani nimemchukua. Tulitembea hatua nyingi kabla ya kutazamana. "Mtoto yuko wapi?" "Si uko naye wewe?" Maneno hayo nayasikia mpaka leo nikilala.

Zilikuwa dakika 20. Tulimkuta amekaa juu ya robota la mitumba kwa mama mmoja muuza viatu, anakula ndizi. Alikuwa amesimama kumtazama mbwa wa plastiki anayebweka na kupinduka kwa betri. Yule mama alimuuliza kwa Kiganda jina lake na la wazazi wake, lakini mtoto wangu anajua Kiswahili na Kilugbara tu, hakujibu neno. Na mimi, Shangazi, kitu cha kwanza nilichofanya ni kumpiga kofi mbele ya watu wote. Halafu nikalia. Tuliondoka bila hata kumwambia yule mama asante.

Habari zilifika Arua kabla yetu. Mama mkwe akasema, "Mama gani anapoteza mtoto kama anapoteza leso?" Sasa anataka watoto wabaki kwake, sisi twende wawili. Baba watoto anasema nawafungia watoto kama kuku. Na juzi usiku mvulana mwenyewe kaniuliza: "Mama, tukienda Kampala, utanishika?"

Niwapeleke au niwaache?

Mama wa Watatu, Oli, Arua


Waaleikum salaam, mwanangu.

Wapeleke. Ila safari ile ya mwaka jana msiirudie, maana ile haikuwa safari ya watoto hata kidogo. Ilikuwa safari ya viatu na nguo za arusi, watoto wakawa mizigo ya tano, ya sita na ya saba. Mtu mzima ambaye hajalala usiku kucha, ana njaa, ana pesa mfukoni anayoihofia wezi, na ana watoto watatu, ukimwingiza Owino wiki ya Krismasi atapoteza kitu. Ninyi mlipoteza mtoto, mkampata. Wengine hupoteza pesa wakalaumiana njia nzima mpaka Pakwach.

Lakini kabla ya mabasi na mizigo, tuanze na lile kofi, kwa sababu naona ndilo lililokufanya uandike. Inama siku moja mpaka kichwa chako kilingane na cha mwanao, kisha utembee hivyo sokoni Arua. Utaona nini? Mapaja, mifuko na matako ya watu. Hakuna sura, hakuna duka, hakuna mama. Katika pori hilo la miguu mtoto akatokewa na kitu kimoja kilichowekwa chini, kimo chake kabisa, kinabweka na kupinduka. Angeachaje kusimama? Hakukaidi. Na alipopotea alikaa alipokalishwa, akala ndizi, akangoja. Alifanya vizuri kuliko ninyi wawili. Hayo mwambie. Mwambie kwamba siku ile mama aliogopa sana na akampiga kwa woga, na kwamba halikuwa kosa lake. Mtoto wa miaka 5 anaelewa. Hilo swali lake la usiku linanionyesha kwamba tangu Desemba anajiuliza kama alifanya ubaya gani.

Sasa ninyi wakubwa. Mtoto hakupotea kwa sababu Kampala ina watu wengi. Alipotea kwa sababu kila mmoja wenu alidhani mwenzake anaye. Mambo ya namna hii hutokea hata uani kwenye matanga, watu wazima kumi wapo na mtoto anaangukia sufuria, kwa kuwa kila mtu alijua yupo mwingine anayemtazama. Dawa yake ni ya kitoto, mtacheka: kabidhianeni kwa mdomo. Baba watoto akitaka kutoa pesa, aseme, "Mchukue huyu." Hatamwachia mkono mpaka wewe ujibu, "Ninaye." Usipojibu, aendelee kumshika, muuza viatu atangoja. Fanyeni mazoezi Arua wiki mbili kabla, mkienda msikitini, mkienda sokoni. Mkifika Kampala iwe imeshaingia mdomoni kama salamu.

Jambo la pili ni basi. Najua kwa nini watu wa huku kwetu West Nile wanapenda la usiku: unalala, unaamka Kampala, siku haijapotea. Na watoto wadogo, hapana. Ajali za usiku za barabara ile, hasa pande za Kiryandongo, huhitaji kuhadithiwa na mimi. Halafu kuna saa yenyewe ya kufika. Kufika katikati ya jiji saa kumi alfajiri na watoto ni kuanza likizo kwa adhabu. Chukueni la asubuhi. Barabara ya Arua inavuka Mto Nile mara mbili, kwanza Pakwach, halafu Karuma, na mwanao wa miaka 8 labda ameusoma mto huo darasani bila kujua kwamba mwaka jana aliuvuka amelala. Mkae upande wa dirisha. Karuma kuna nyani wanaokaa kando ya barabara wakingoja abiria warushe ndizi. Watazameni, lakini dirisha lifungwe na mkono wa mtoto ubaki ndani.

Na mkifika, msifike Arua Park! Shemeji yako anakaa Kawempe, na basi linalotoka kwenu huingia Kampala kwa barabara ya Bombo, ambayo inapita Kawempe kabla ya kufika mjini. Mnapitaje mlangoni pa mwenyeji wenu mkaenda kuangukia kwenye msukosuko wa Arua Park, kisha mkodi gari la kuwarudisha mlikotoka? Mwambieni kondakta mapema kwamba mnashuka Kawempe na kwamba mizigo yenu isizikwe chini ya magunia ya watu. Piga simu mkifika Luweero, shemeji awe barabarani.

Hii Kawempe ni bahati kubwa kuliko mnavyojua. Kampala ya watoto haiko katikati ya mji. Katikati, yaani maegesho ya zamani ya taksi, Kikuubo, Owino, ni mahali pa kazi. Watu wa huko wanatafuta riziki, hawana muda wa kumwangalia mtoto wa mtu, ingawa yule mama wa viatu aliupata. Mambo ya watoto yako pembezoni, na mengi mnaweza kuyafikia bila kukanyaga mjini.

Mfano Entebbe, kwenye kituo cha wanyama kando ya ziwa. Kilianza mwaka 1952 kama mahali pa kulelea wanyama yatima, na siku hizi watoto wanaona simba, sokwe na faru. Faru hasa, msimame hapo muda mrefu. Mwambie binti yako kwamba faru walikuwa wanyama wa kwenu, walikuwa katika hifadhi ya Ajai huko West Nile, wakamalizwa na ujangili, na kufikia katikati ya miaka ya 1980 Uganda nzima ilikuwa haina faru hata mmoja porini. Ile ni habari ya nyumbani kwao, anakwenda kuikuta Entebbe. Kutoka Kawempe gari linaingia barabara ya mzunguko wa kaskazini pale Bwaise, linakwenda mpaka Busega, na hapo linashika barabara mpya ya kulipia ya Entebbe iliyofunguliwa 2018. Mjini hamkupita. Kodini gari moja na familia ya shemeji mgawane, mtoke saa moja asubuhi, na siku hiyo msipange kitu kingine chochote. Narudia, chochote. Mtoto wa mwaka mmoja na nusu ana safari moja kwa siku, ya pili atailia.

Siku nyingine nendeni makumbusho ya taifa, barabara ya Kira. Yalianzishwa mwaka 1908, na kwa watoto wadogo kitu chenyewe ni ngoma na ala za muziki, na nje kuna nyumba za nyasi za makabila mbalimbali wanazoweza kuingia na kutoka. Asubuhi moja inatosha. Na siku ambayo mnataka watoto wakimbie tu bila kushikwa mkono, maana hata kushikwa mkono kunachosha, iko bustani ya hekalu la Wabahai juu ya kilima cha Kikaaya, upande wenu huo huo wa jiji. Hekalu limekuwapo tangu 1961, majani yamekatwa vizuri, hakuna boda inayopita. Wanaomba watu watulie karibu na jengo lenyewe, kwa hiyo huyo wa miaka 5 aachiwe kwenye majani chini.

Msikiti wa taifa pale Old Kampala nao mtautaka, najua. Msiende Ijumaa. Nendeni siku ya kawaida, baba watoto apande mnara na binti mkubwa, wewe ubaki uani na wadogo wawili. Ngazi zile zinapita 300. Ukimpandisha wa miaka 5 utamshusha mgongoni, na mgongoni tayari kuna mtu.

Usiku wa mwaka mpya mlale Kawempe. Fataki mtazione kutoka uani kwa shemeji. Usiku wa kuamkia Januari 1, 2023, kwenye jengo moja la maduka barabara ya Entebbe, watu walisukumana kwenda kutazama fataki, wakafa watu wasiopungua tisa, watoto wakiwemo. Wazazi wao waliwapeleka kufurahi kama wewe unavyotaka kuwapeleka wako. Hapa sina ushauri wa namna ya kwenda salama. Msiende.

Turudi kwenye kupotea, kwa sababu hata ukifanya yote haya mtoto anaweza kuponyoka. Lugha ndiyo iliyonigusa kwenye barua yako. Sisi tunaokaa Arua tunadhani Kiswahili kitamfikisha mtoto popote, na hapo Oli kweli kinamfikisha. Katikati ya Kampala Kiganda ndicho kinachouza na kununua, na mtoto aliyeshikwa na woga hataanza kutafuta nani anajua Kiswahili. Mfundisheni sentensi moja: "Nnyabo, mbuze, nnoonya maama wange." Mama, nimepotea, namtafuta mama yangu. Waimbe kwenye basi kama wimbo. Njia ni ndefu, mpaka Karuma watakuwa wanakudhihaki nayo.

Aseme hayo kwa nani? Si kwa yeyote anayepita. Mwanamke mwenye meza yake, aliyekaa na biashara yake. Anayepita ataondoka, mwenye meza atakuwepo hapo jioni, na majirani zake wote wanamjua. Mwanao alilipata hilo kwa bahati tu, safari hii alijue. Binti mkubwa yeye mwambie jambo moja zaidi: akiona hawaoni ninyi, asimame palepale, asiwatafute. Ninyi ndio mtakaomtafuta.

Wajue pia jina lako. Muulize mvulana leo jioni mama yake anaitwa nani. Nina wasiwasi atajibu "Mama". Namba yako ya simu iandike kwa kalamu ya wino juu ya mkono, ndani ya shati. Jina la mtoto usiliandike mgongoni kwa fulana kama wanavyofanya wengine, mtu mbaya akilisoma atamwita kwa jina na mtoto atadhani anamjua. Kila asubuhi kabla ya kutoka wapige picha kwa simu na nguo walizovaa siku hiyo. Mzazi aliyechanganyikiwa hakumbuki rangi ya fulana ya mwanawe, nimeliona hilo kwa macho yangu.

Na akipotea, msikimbie wote wawili. Mmoja abaki pale alipoonekana mwisho, asiondoke hata akiitwa na malaika. Mwingine aende, na apaze sauti akitaja nguo: "Mtoto wa fulana ya njano!" Jina lake watu hawalijui, njano wanaijua, na soko zima litaanza kutazama. Zikipita dakika chache bila kumwona, pigeni polisi 999. Hifadhi pia 116, namba ya bure ya watoto iliyo chini ya Wizara ya Jinsia, Kazi na Maendeleo ya Jamii.

Mengine ni madogo. Kitinda mimba mbebe mgongoni kwa kitenge, achana na kigari cha kusukuma hata kama mke wa shemeji anacho, njia za miguu za Kampala zina mashimo na mitaro iliyo wazi. Boda moja yenye mama na watoto watatu unaiona kila siku, na bado hapana. Mvua kubwa ikinyesha Bwaise hujaa maji, siku hiyo kaeni ndani mle rolex, chapati ile ya kuviringa na mayai. Na kwa shemeji usiende mikono mitupu, watu watano wa ziada kwenye vyumba viwili ni mzigo hata kwa ndugu. Pelekeni simsimu, njugu, unga wenu. Watoto wako pengine watakataa matooke, ndizi za kupika, siku ya kwanza, usiwaaibishe wenyeji kwa kuwagombeza mezani, wasongee posho, yaani ugali, kimya kimya.

Mama mkwe je? Amekuumiza kwa lile neno la leso, na sikuambii ujifanye hukusikia. Lakini nisikilize. Ninyi ni wakubwa wawili na watoto ni watatu, na mmoja kati yenu daima ana mtoto mgongoni. Mnapungukiwa mikono. Mwalike yeye. Mwambie, "Mama, ulisema nilimpoteza, nataka safari hii uje unisaidie kumshika." Akikataa, hatakuwa na la kusema tena Januari. Akikubali, mtapata jozi ya tatu ya macho, na bibi anayeogopa kuliko wewe humshika mtoto kwa nguvu mpaka vidole vinabaki alama. Ni kweli huenda naye akawa wa kuangaliwa, akataka kusimama kila duka la vitambaa. Hilo la kupima ni lenu, mnamjua.

Viatu vya shule na nguo za arusi zitanunuliwa, siku moja tu, watoto wakiwa Kawempe na mke wa shemeji, ninyi wawili mkiwa wepesi. Nendeni katikati ya wiki na mapema asubuhi, kabla watu hawajajaa. Kabla ya kuondoka Arua, nunua chupa mbili za asali ya kwetu. Moja ni ya shemeji. Ya pili ingia nayo Owino, mtafute yule mama wa viatu. Umesema alikuwa na robota la mitumba na ndizi, baba watoto atakumbuka mstari, wanaume hukumbuka mahali walipolipa pesa. Picha ya mvulana iwe kwenye simu. Hujui Kiganda wala yeye hajui Kiswahili chako, lakini akiiona ile sura atajua wewe ni nani.